Mto Huchaguliwa kwa Miguu Kabla ya Kafi

Majuzi nimeletewa maswali mawili yanayofanana kama shilingi kwa ya pili. La kwanza limetoka kwa mwalimu wa Jiografia, la pili kwa kikundi cha wanafunzi wa kidato cha tatu, wote wakazi wa Mundika hapa Busia. Wanauliza: iwapo shule itapata kayaki chache za kuazima, ni mto upi unaofaa kwa safari ya kuelea polepole, safari ya kutazama na kujifunza, isiyo ya mashindano wala ya kutafuta hofu? Mwalimu ameelekeza moyo wake Naili, kule Jinja. Wanafunzi wanautaka Nzoia, kwa kuwa ni mkubwa na wameukariri tangu shule ya msingi. Mimi nasema Sio. Najua jibu hilo litawachekesha wengi, maana Sio ni ule mto ambao wao huuvuka kwenye barabara ya Kisumu bila hata kugeuza shingo.

Kwanza tuelewane kuhusu chombo chenyewe. Kayaki ni mtumbwi mwembamba wa mtu mmoja au wawili, unaoendeshwa kwa kafi lenye bapa kila ncha. Walioubuni ni Wainuit wa nchi za barafu, waliouwamba kwa ngozi za sili wapate kuwinda baharini. Siku hizi huundwa kwa plastiki. Kwa hiyo wale wanaodai kwamba huu ni mchezo wa Wazungu wamekosea. Mzungu naye alijifunza kwa wengine. Fauka ya hayo, Wasamia walikuwa wakipiga makafi katika ghuba za Ziwa Victoria muda mrefu kabla ya mtalii yeyote kufika. Kafi si geni kwetu. Lililo geni ni wazo la kwamba mtu aweza kuingia mtoni si kwa kuvua wala kuvuka, bali kwa kuusoma mto.

Wapiga kafi wa dunia nzima huipanga mito katika madaraja sita. Daraja la kwanza ni maji yanayokwenda kwa viwimbi vidogo, ambamo aliyeanguka hujiokoa mwenyewe bila taabu kubwa. La sita ni maji ambayo hata bingwa huyaingia akiwa ameweka roho mkononi. Safari ya kustarehe ni ya daraja la kwanza, basi. Anayewapeleka wanafunzi kwenye daraja la tatu kwa kisingizio cha kuwakomaza amewakosea, hata kama watarudi salama.

Sasa Jinja. Sifa ya Naili pale haikupatikana bure. Tangu 1996 watalii wamekuwa wakilipa fedha nyingi ili warushwe juu chini na maji yake meupe. Lakini mto unaosimuliwa na waliokwenda zamani si mto uliopo. Bwawa la Owen Falls lilifunguliwa mwaka 1954. Bwawa la Bujagali, la megawati 250, likaanza kazi mwaka 2012 na kuyazamisha maporomoko yaliyolipa jina. Isimba, la megawati 183, likafuata mwaka 2019 na kumeza mengine. Ajabu ni kwamba mabwawa yaliyoyaua maporomoko yameacha nyuma yake maji tulivu ambayo mwanagenzi aweza kuyapiga kafi bila kutetemeka. Hili silikatai, na shule yenye uwezo iende ikaone. Hata hivyo, kuwavusha watoto mpaka kunataka vibali, nauli, malazi na waongozaji wa kulipwa, na mwisho wa yote mwongozaji ndiye atakayekuwa ameuchagua mto, ameupima na kuujua. Mwanafunzi atakuwa amebebwa tu. Mwalimu aliyeniandikia anataka wanafunzi wajifunze. Kwa nini basi ampe mtu mwingine sehemu ya somo iliyo tamu kuliko zote?

Nzoia ndio unaonitia wasiwasi zaidi, kwa sababu unavutia na uko karibu. Huanzia milima ya Cherang'any, ukasafiri kilomita zipatazo 334, ukaporomoka pale Webuye, ukapita Mumias na hatimaye kumwaga maji yake ziwani kule Budalang'i. Katika ramani ya kitabu, sehemu yake ya chini hulala kama mkeka uliotandikwa. Mwanafunzi akiona hivyo hukata shauri: mteremko hakuna, basi hatari hakuna. Hapo ndipo anapopotoka. Mto mkubwa katika nchi tambarare haupigi kelele, lakini uzito wa maji yake ni ule ule. Kule Budalang'i umefungwa kwa kuta za udongo ili usiyamwagie mashamba, na mto uliofungwa kwa kuta hauna pa kupumulia. Maji yakiongezeka hupanda na kuongeza kasi, na kingo zilizomomonyoka hazimpi mtu pa kushika. Mwezi Mei mwaka 2020 kuta hizo zilibomoka na maelfu ya watu wakayahama makazi yao.

Tena kuna jambo ambalo watu wa ukanda wa chini hulijua na wageni hulisahau. Mvua inayonyesha Cherang'any au Elgon hufika Budalang'i baada ya siku kadhaa, pengine huku jua likiwaka pale kama kaa la moto. Mpiga kafi huitazama mbingu ya Budalang'i, ilhali mto unatii mbingu ya Kitale. Ongeza hapo mamba, ambao wakazi wa kingo za chini za Nzoia hawahitaji kusimuliwa habari zao. Mto wa jinsi hiyo una heshima yake, lakini haufai kuwa wa kwanza kwa mtoto ambaye hajawahi kushika kafi.

Wengine watautaja Malaba. Ni mto wenye historia ya kupendeza: huzaliwa Elgon, hugusa mpaka penye foleni za malori, kisha huingia Uganda, ukajiunga na Mpologoma na kwenda Ziwa Kyoga. Maji ya Sio huenda Ziwa Victoria na kutoka kwa njia ya Jinja. Maji ya Malaba hayalioni ziwa hilo kabisa, na bado yote hukutana Kyoga yakiwa Naili moja. Hilo latosha kuwa swali la mtihani. Lakini mto unaoshuka kutoka mlima mrefu hivyo huweza kufura ghafla, na safari yake huishia nchi ya pili. Tuuache. Ama Yala, kinamasi chake na Ziwa Kanyaboli ni maskani ya ndege na ya nzohe, yule paa wa majini, na panafaa kutembelewa pamoja na mvuvi mwenyeji. Bali njia za ndani ya mafunjo hufunguka na kufunga, na asiyezijua hupotea mchana kweupe.

Tumebaki na Sio. Hauna fahari. Urefu wake ni kilomita 85 hivi, kutoka vilima vya Bungoma, ukipita katika nchi ya mahindi, mihogo na miwa, ukaipita Mundika kwa upande wa kusini, kisha ukageukia Samia na kuingia ziwani karibu na Sio Port. Ziwa lenyewe liko mita zipatazo 1,134 juu ya usawa wa bahari, na nchi ya Mundika haiko juu sana ya hapo. Ndiyo sababu mto hapa hujipinda na kuzunguka kama mtu asiye na haraka. Lakini sitaki mwalimu akubali maneno yangu kwa kuwa yamechapwa gazetini. Yeye ana chombo cha kuyapimia, na hiki ndicho kiini cha maoni yangu: mto mzuri wa kuanzia ni ule ambao wanafunzi wenyewe waweza kuupima wote, kwa karatasi na kwa miguu, kabla ya yeyote kulowa.

Waanze na ramani ya Idara ya Upimaji ya kipimo cha 1:50,000, ile ile wanayoitolea jasho katika mtihani wa kidato cha nne. Watwae uzi, waulaze juu ya mto wakifuata kila pindo, kisha waunyooshe kwenye rula. Sentimita mbili za uzi ni kilomita moja ya maji. Halafu watafute mahali mistari ya kontua inapoukata mto. Ikiwa kontua mbili zinazopishana kwa mita 20 ziko umbali wa kilomita 20 za uzi, mto unashuka mita moja kwa kila kilomita, na huo ni mteremko wa kuelea. Ikiwa ziko umbali wa kilomita mbili, mto unashuka mita kumi kwa kila kilomita, na hapo pana miamba na kishindo, hata kama jina la mto ni dogo. Nimewaona wanafunzi wengi wakizihesabu kontua kama adhabu. Waambie kwamba hesabu hii ndiyo itakayoamua iwapo kayaki itapinduka, uone watakavyokaza macho.

Baada ya karatasi, miguu. Maji usiyoyafika hujui wingi wake, na ramani haionyeshi mti ulioanguka juzi. Sehemu itakayoelewa itembelewe yote ukingoni, kutoka mahali pa kuingilia hadi pa kutokea, na watu wazima wawili walau, pamoja na wanafunzi wenye daftari. Wapime kasi: wachague mita 50 zilizonyooka, watupe chungwa katikati ya mkondo, wahesabu sekunde. Likitumia sekunde 50, mto unakwenda mita moja kwa sekunde, yaani kilomita 3.6 kwa saa, mwendo wa mtu anayetembea akizungumza. Kasi hiyo inafaa. Likitumia sekunde 20, warudi nyumbani wakanywe chai. Kwa mwendo wa chungwa hilo la kwanza, kilomita nane humalizika kwa saa mbili na ushei bila kupiga kafi sana, na pamoja na vituo vya kuchora na kutazama ndege ni asubuhi nzima. Hazihitajiki zaidi ya hizo.

Watazame nini njiani? Zaidi ya yote, miti iliyolala majini. Wageni huogopa mwamba, lakini katika mto wetu mpole adui mkubwa ni mti ulioangukia nje ya pindo. Maji hupenya kati ya matawi yake, mtu hapenyi. Hunaswa, na mkondo humkandamiza hapo hapo. Mahali kama hapo kayaki hutolewa nje na kubebwa nchi kavu, wala si aibu. Baada ya mti, wakague migono na kamba za wavuvi zilizotandazwa kutoka ukingo hadi ukingo, na kizuizi chochote cha saruji au mawe kilichojengwa kukinga maji. Maji yanayoruka ukuta mfupi huonekana laini kama kioo, lakini chini yake hujirudi na kumshika mtu asitoke.

Kuhusu mahali pa kutokea nina ushauri mmoja usio na mjadala: safari iishe mbali kabla ya mto kufika mpakani na kwenye mafunjo. Sehemu ya chini ya Sio ndiyo mpaka wa Kenya na Uganda, na anayesogea ukingo wa kulia amekwisha kutoka nchini bila kugongewa muhuri. (Kabla ya Aprili 1902 asingekuwa amevuka chochote, kwani pande zote mbili zilikuwa Uganda, wanafunzi wa Historia walikumbuke hilo.) Huko chini ndiko viliko vinamasi vya Sio-Siteko, hazina kubwa ya viumbe, na ndiko kiboko wa ziwani anakoweza kupanda. Kiboko ni mnyama mkali, hasa mtu akimkatia njia ya kurudi majini. Kabla ya kupanga lolote, waulizwe wavuvi, na waulizwe akina mama wanaoteka maji. Hao ndio wanaoujua mto kwa siku zote saba za wiki.

Majira nayo yana kauli. Likizo ya Aprili isahauliwe. Mvua za masika huwa zimeshika hatamu. Agosti si ya kuaminika, kwa kuwa nyanda za juu huwa bado zinanyeshewa. Februari mto waweza kupungua hata mkawa mnasukuma kayaki juu ya mchanga. Wakati mwafaka ni tangu mwisho wa Desemba hadi katikati ya Januari, mvua za vuli zimekwisha na maji bado yapo. Kwa bahati njema, mwanzo wa kipindi hicho huangukia likizo ndefu.

Lipo jambo moja ambalo wapenzi wa mito hupenda kulipitisha kimya. Upole ule ule unaoufanya mto ufae kwa kuelea ndio unaowafaa konokono wa kichocho. Hukaa kando, penye maji yaliyosimama na majani, na vijidudu vinavyotoka kwao hupenya ngozi isiyo na jeraha lolote. Ukanda mzima wa Ziwa Victoria unaujua ugonjwa huu. Kwa hiyo waingie na kutokea penye mchanga na mkondo, wasioge kwenye vidimbwi, na baada ya wiki sita hadi nane wapelekwe kituo cha afya wapimwe na kupewa praziquantel ikihitajika. Dawa ikimezwa mapema mno huwakuta minyoo wakiwa wachanga na haiwamalizi. Ama malale, habari ni njema zaidi. Ugonjwa huo uliangamiza watu kwa maelfu katika fuo za Busoga na Samia mwanzoni mwa karne ya 20, na wazee wa Busia wanayakumbuka matibabu ya Alupe. Agosti 2025 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba Kenya imeuondoa kama tatizo la afya ya umma. Ndorobo bado wako vichakani, lakini hofu ya babu zetu haina budi kupungua.

Sasa nawageukia walimu wakuu, maana nawasikia wakiguna. Mtoto akizama, nani atajibu? Ni swali la haki, na sitalijibu kwa mzaha. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021, na karibu robo yao walikuwa watoto wasiotimiza miaka mitano. Lakini hebu tujiulize, walizama wakifanya nini? Wengi walikuwa katika shughuli za kila siku: kuteka, kuoga, kuvuka, kuvua. Shule inayopiga marufuku mto haijamwondoa mtoto mtoni. Imemwondoa mwalimu tu. Mtoto yule yule aliyekatazwa saa nne asubuhi ataufikia mto saa kumi na moja jioni akiwa na mtungi au na wenzake, bila jaketi, bila kamba, na bila kujua kwamba aliyechukuliwa na mkondo hujilaza chali, akatanguliza miguu, na kuufuata mto hadi penye upole badala ya kupambana nao. Ni wanafunzi wangapi wa Busia wanaolijua hilo? Wanajua kutaja mito mitano ya Afrika na urefu wa kila mmoja.

Ndiyo maana masharti yangu ni makali kuliko ya wanaokataa. Kila anayeingia majini avae jaketi la kujiokolea linalomtosha, limefungwa, hata kama ni bingwa wa kuogelea. Kwanza wote wajaribiwe kuelea na jaketi hilo penye maji ya kina cha kiuno. Pawepo watu wazima wawili wanaojua kuokoa, mmoja mbele na mmoja nyuma, na kamba ya mita 15 au 20 iliyokunjwa vizuri. Mzazi aarifiwe kwa maandishi, chifu ajue, na mtu aachwe nchi kavu mwenye simu na gari. Kundi lisizidi kayaki sita. Fedha zikitosha kayaki lakini zisitoshe majaketi, kayaki zirudishwe zilikotoka, na wanafunzi waufuate mto kwa miguu ukingoni. Watakuwa wamepata sehemu kubwa ya somo hata hivyo.

Mwalimu wa Mundika nimemjibu asikodi chochote bado. Aanze na ramani na uzi darasani muhula huu, kisha Jumamosi moja wapeleke chungwa lao kwenye daraja. Wakiniletea jedwali la vipimo, kasi katika kila pindo, miti iliyoanguka na mahali ilipo, vina vya maji vya Desemba na vya Januari, nitaomba lichapwe papa hapa, hata kama litaonyesha kwamba Sio haufai na kwamba mimi nimekosea mto.